MBAWAKAWA WA KICHINA: NI DAWA AU NI SUMU?



Msimu uliopita wa maharage, mama mmoja wa kigango cha mbali alifika kliniki yetu ya watoto akiwa na mwanawe wa miaka saba. Mikono ya mtoto ilikuwa imejaa chunjua. Kabla hatujamwuliza lolote, mama alifungua mkoba wake akatoa kopo dogo la mafuta ya kujipaka. Ndani yake mlikuwa na wadudu waliokauka, weusi wenye mistari ya njano, wengine wazima na wengine wameshapondwa nusu.

"Mama nesi," alisema, "kaka yangu anayekaa mjini ameambiwa kwamba Wachina hutibu chunjua kwa mdudu huyu. Huko wanamnunua kwa fedha nyingi, na mimi ninao bure shambani kwenye maharage. Nimekuja kuuliza: nimpake na mafuta, au nimtilie kwenye uji?"

Tulimwomba afunge kopo na akanawe mikono kwa sabuni. Vidole vyake viwili vilikuwa tayari vimetoka malengelenge, naye alidhani ameungua jikoni. Tulishukuru Mungu kwamba alikuja kuuliza kwanza. Kama uji ule ungenywewa, huenda tungempokea mtoto yule wodini katika hali mbaya sana, au tusingempokea kabisa.

Tukio hilo ndilo lililotufanya tuandike makala ya mwezi huu. Kaka yake yule mama hakusema uongo. Wachina kweli humtumia mdudu wa jamaa hiyo kama dawa, tena tangu zamani sana. Lakini aliyempa habari alimpa nusu tu, na katika mambo ya dawa nusu ya habari huua.

NI MDUDU GANI HUYU?

Kwa Kichina anaitwa banmao. Ni mbawakawa mweusi mwenye mikanda ya njano au ya rangi ya machungwa mgongoni, mwenye urefu wa sentimita moja hadi mbili na nusu hivi. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinataja aina mbili zinazokubaliwa, ambazo wataalamu huziita Mylabris phalerata na Mylabris cichorii. Ukoo huo huo wa Mylabris unao jamaa wengi hapa Afrika, na wakulima wetu wanawafahamu vizuri: ni wale wanaokuja wakati wa maua na kuyatafuna maua ya maharage na ya kunde hadi mkulima anakosa mavuno.

Ukimshika na kumbana, mdudu huyu hutoa majimaji ya njano kwenye viungo vya miguu yake. Ndani ya majimaji hayo mna sumu iitwayo kantharidini. Sumu hiyo ni silaha yake. Dume huitengeneza mwilini, humpa jike wakati wa kupandana, na jike hulinda mayai yake kwa sumu hiyo ili wadudu wengine wasiyale. Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyomlinda kiumbe huyo mdogo.

Sumu yenyewe ilitenganishwa na mwili wa mdudu kwa mara ya kwanza mwaka 1810 na Mfaransa Pierre Jean Robiquet. Yeye hakutumia mdudu wa China bali mbawakawa wa kijani wa Ulaya, ambaye madaktari wa Kigiriki wa kale nao walimtumia kama dawa. Kwa hiyo si Wachina peke yao waliogundua nguvu za wadudu wa namna hii.

WACHINA WANAMTUMIAJE?

Banmao ametajwa katika kitabu cha kale kuliko vyote vya dawa za Kichina, kiitwacho Shennong Bencao Jing, kilichokusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita. Kitabu hicho kina dawa 365 zilizopangwa katika madaraja matatu. Daraja la juu ni la dawa 120 ambazo mtu aweza kuzitumia muda mrefu bila madhara. Daraja la kati lina nyingine 120. Daraja la chini lina dawa 125, nyingi zikiwa na sumu, ambazo mganga alionywa asizitumie muda mrefu. Banmao amewekwa katika daraja hilo la chini. Tangu mwanzo kabisa, basi, Wachina wenyewe walijua kwamba wanashika sumu mkononi.

Baadaye mganga mashuhuri Li Shizhen alimweleza tena mdudu huyu katika kitabu chake kikubwa Bencao Gangmu, kilichochapwa mwaka 1596, miaka mitatu baada ya kifo chake. Kitabu hicho kinaeleza dawa 1,892, na wadudu wana sehemu yao maalumu.

Waganga wa China walimtumia banmao kwa uvimbe mgumu tumboni, kwa matezi ya shingo yanayovimba na kutoa usaha, kwa choa sugu na kwa chunjua. Wana msemo wao wa kutumia sumu kupigana na sumu. Sisi Waswahili tunasema dawa ya moto ni moto. Mawazo yanakaribiana.

Sikilizeni sasa jinsi anavyotayarishwa, maana hapa ndipo penye ile nusu ya habari ambayo yule mama hakupewa. Mdudu hukamatwa alfajiri wakati umande ungali kwenye mabawa yake na hawezi kuruka. Anayemkamata huvaa glovu. Huuawa kwa maji ya moto au mvuke, kisha hukaushwa juani. Baadaye kichwa, miguu na mabawa hutolewa. Kiwiliwili hukaangwa pamoja na mchele wa kunata hadi mchele ubadilike rangi na kuwa kahawia. Mchele huo hutupwa, wala hauliwi kamwe. Moto hupunguza sumu kwa kiasi fulani, maana kantharidini huruka kama mvuke joto likizidi, na rangi ya mchele humwonyesha mtengenezaji kwamba kazi imefika. Lakini sumu haiishi. Inapungua tu.

Baada ya kazi yote hiyo, kitabu rasmi cha dawa cha China kinaruhusu kiasi gani kimezwe? Ni gramu 0.03 hadi 0.06 tu. Chukueni gramu moja ya unga na kuigawa mafungu 20 yaliyo sawa: fungu moja ndiyo dozi. Hata ncha ya kijiko cha chai yaweza kuzidi kiasi hicho mara nyingi. Hakuna mtu awezaye kupima hivyo kwa jicho, jikoni kwake.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1988 serikali ya China ilitunga kanuni za dawa zenye sumu, ikaorodhesha dawa 28 za asili zinazopaswa kufungiwa na kutolewa kwa uangalizi mkali. Banmao ni mmojawapo. Wajawazito wamekatazwa kabisa kumtumia. Ikiwa wenye dawa yao wanamwogopa hivyo, sisi tunaomwokota shambani tutakuwa na ujasiri wa namna gani?

SUMU HII HUFANYA NINI MWILINI?

Juu ya ngozi, kantharidini hulegeza vile vishikizo vinavyounganisha seli za ngozi ya juu. Maji hujaa katikati na lengelenge hutokea, mara nyingi baada ya saa kadhaa na si papo hapo. Kwa kuwa ni ngozi ya juu tu inayoachana, mara nyingi kidonda hupona bila kuacha kovu. Hiyo ndiyo sababu dawa hii huweza kuondoa chunjua: chunjua huinuliwa pamoja na lengelenge.

Tumboni mambo ni mengine kabisa. Kinachotokea juu ya ngozi hutokea kinywani, kooni na tumboni. Mgonjwa huanza kuungua mdomo, hushindwa kumeza, hutapika, na matapishi yaweza kuwa na damu. Kisha sumu hupita kwenye figo ili itoke na mkojo, nayo huchoma njia yote. Mgonjwa hutaka kukojoa kila mara, hupata maumivu makali, na mkojo hutoka kidogo wenye damu. Figo zaweza kusimama, na moyo waweza kudhurika. Kiasi kidogo tu cha kantharidini huweza kumwua mtu mzima, na hakuna dawa maalumu ya kuivunja sumu hiyo. Daktari hufanya kazi ya kuusaidia mwili huku akiomba figo zivumilie.

Mifano ipo. Mwaka 1954 jijini London, mfanyakazi wa kampuni moja ya dawa alitia kantharidini katika peremende za nazi, mfano wa kashata zetu, akawapa wasichana wawili waliofanya kazi naye. Alidhani ingewavuta kimapenzi. Wote wawili walikufa. Na hapa Afrika, taarifa ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 2000 ilieleza habari za mtoto wa kike wa miaka minne nchini Zimbabwe aliyekula mbawakawa wa jamaa hii, ambao walidhaniwa ni wadudu wanaoliwa, akapatwa na dalili hizo za sumu.

Hapa tuseme wazi, ingawa huu ni ukurasa wa familia. Tangu zamani, Ulaya na kwingineko, unga wa wadudu hawa umeuzwa kama dawa ya nguvu za kiume. Akina baba, msidanganyike. Kinachotokea ni njia ya mkojo kuungua na kuvimba, wala si nguvu. Mnapouziwa unga usio na jina stendi au sokoni, hamjui mna nini ndani yake. Tatizo la namna hiyo mara nyingi ni dalili ya kisukari, shinikizo la damu au mawazo mengi, na yote hayo yana matibabu. Njoni hospitali. Tumesikia mengi katika miaka yetu ya kazi, hatutawacheka.

JE, HOSPITALI ZA LEO ZINAITUMIA?

Ndiyo, lakini kwa masharti. Nchini Marekani madaktari wa ngozi waliipaka kantharidini kwenye chunjua tangu miaka ya 1950. Mwaka 1962 kibali kiliondolewa kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi kwamba inafanya kazi. Mwezi Julai 2023 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliidhinisha kantharidini ya asilimia 0.7 kwa ajili ya vipele fulani vya virusi, vile vidogo vinavyong'aa kama lulu vyenye kishimo katikati, kwa watu wa kuanzia miaka miwili. Hupakwa na mhudumu wa afya mwenyewe, tone dogo juu ya kila kipele, na huoshwa kwa sabuni na maji baada ya saa 24. Mgonjwa hapewi chupa aende nayo nyumbani.

Huko China wataalamu wamekwenda mbali zaidi. Walitengeneza katika maabara dawa inayofanana na kantharidini lakini isiyochoma sana njia ya mkojo, na hutumika huko kwa wagonjwa wa saratani ya ini. Hilo limewafanya watu wengine waseme kwamba mdudu huyu anaponya saratani. Ndugu zangu, dawa iliyopimwa maabara na kutolewa na daktari wa saratani si sawa na mdudu aliyepondwa kwenye kinu. Tena ushahidi uliopo haujafikia kiwango cha kuifanya iwe tiba ya kawaida ya saratani duniani kote. Mwenye mgonjwa wa ini asimtoe hospitali kwa tumaini hilo. Na kwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba, wapelekeni watoto wapate chanjo zao zote, maana ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina ya B, ambayo ni chanzo kikubwa cha saratani hiyo.

TUSIDHARAU, TUSIPARAMIE

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba dawa za Kichina ni uchawi au upuuzi. Dawa mseto ya malaria ambayo kila familia ya parokia imekwisha kuimeza ilitoka huko huko. Mtaalamu wa China, mama Tu Youyou, alisoma kitabu cha mganga wa kale Ge Hong, akafuata maelekezo yake juu ya mmea wa qinghao, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akapata njia ya kutoa dawa iitwayo artemisinini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Ni watoto wangapi wa nchi yetu wako hai leo kwa sababu ya mama huyo kusoma kitabu cha mababu zake kwa makini!

Lakini angalieni alivyofanya. Hakuchuma majani na kuwagawia watu. Alitenganisha dawa, akaipima, akaijaribu kwa wanyama, kisha yeye mwenyewe na wenzake wakaimeza kwanza ili kuona kama ina madhara. Hekima ya wazee na mizani ya maabara zilikwenda pamoja. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kwamba dawa zatoka kwa Mungu na kwamba mwenye busara hazidharau. Mwenye busara hazidharau, wala haziparamii.

MAMBO YA KUKUMBUKA NYUMBANI

1. Mbawakawa weusi wenye mistari ya njano au nyekundu wasishikwe kwa mikono mitupu. Ukiwaokota kwenye maharage, vaa glovu au funga mfuko wa plastiki mkononi, na usiwaponde. Watoto wasipewe kazi hiyo.

2. Ukiguswa na majimaji yake, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi. Lengelenge likitokea usilipasue. Lifunike kwa kitambaa safi. Jicho likiingiwa, lioshe kwa maji safi kwa dakika 15 na uje hospitali.

3. Mtu akimeza mdudu huyu au unga wake, msimtapishe. Wala msimpe maziwa au mafuta, kama ilivyo desturi ya wengi wetu mtu anapokula sumu. Kantharidini huyeyuka katika mafuta, na maziwa yenye mafuta huweza kuisaidia kuingia mwilini. Mkimbizeni hospitali haraka, na mje na mabaki ya kile alichokula. Msisubiri mkojo wa damu.

4. Majani ya maharage yenye wadudu wengi wa namna hii msiwape mifugo. Nchini Marekani farasi wamekufa kwa kula majani makavu yaliyochanganyika na wadudu hao. Wanapokauka sumu yao haiishi.

5. Msimchanganye na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeitwa inzi wa Nairobi, anayekuja kwenye taa wakati wa mvua. Huyo naye si inzi bali ni mbawakawa, na sumu yake ni nyingine, lakini huchoma ngozi vilevile. Akikutua, mpulize aondoke, usimpige kofi. Osha mahali hapo kwa sabuni, na usijifikiche macho.

6. Chunjua za watoto nyingi hupotea zenyewe, mara nyingi ndani ya miaka miwili. Msizikate kwa wembe, kwani mtoto atatoka damu na chunjua zaweza kuenea. Zikisumbua, ipo dawa ya kupaka yenye asidi ya salisiliki. Mtu mzima anayetokwa na chunjua au vile vipele vya lulu kwa wingi, hasa usoni, aje apimwe, pamoja na kipimo cha VVU.

7. Ukienda kwa mganga yeyote, wa Kichina, wa kienyeji au wa hospitali, uliza mambo matatu: dawa hii inaitwaje, kiasi gani, na nani asiitumie. Asiyeweza kukujibu, usimeze dawa yake.

Mama yule tulimpa dawa ya kupaka kwa ajili ya mwanawe, tukamwonyesha jinsi ya kulainisha chunjua kwa maji ya vuguvugu kila jioni. Kopo lake tulilifukia katika shimo la takataka za hospitali. Aliporudi baada ya miezi mitatu, mtoto alikuwa amebakiwa na chunjua mbili tu kwenye kidole gumba. Mama akatuambia kwamba jumuiya yake ndogo ndogo imemwomba awaeleze habari za wadudu wale, maana majirani zake wawili nao walikuwa wamewaanika juani.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, ukimaliza kusoma ukurasa huu usiufungie maandazi. Usome Jumamosi hii katika jumuiya yako, ili na wengine wasikie. Mungu awabariki, na awajalie afya njema.